Kinanda Kidogo kwa Ajili ya Nyimbo Zetu



Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anatutajia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama ili aone kama ana vya kumalizia. Mara nyingi tunawafafanulia wakatekumeni maneno hayo kwa habari ya gharama ya kumfuata Kristo, na hiyo ndiyo maana yake kuu. Mwaka huu tumelazimika kuyasoma pia kwa maana iliyo karibu zaidi na mifuko yetu: korali iliomba kinanda, mashirika yakaanza kuchanga, na sisi tuliokabidhiwa daftari la michango tukatakiwa kuketi na kuhesabu. Kwa kuwa makatekista wa parokia nyingine za Masisi na Walikale wametuuliza jinsi tulivyochagua, tumeona vema kuwaandikia ninyi nyote, ili yaliyotufaa yawafae na wengine.

Haja yenyewe ilianza na wimbo mmoja wa matoleo kwa Kihunde. Mtunzi wake, mzee aliyeongoza korali kwa miaka mingi, hakuandika noti hata moja. Alizibeba sauti zote nne kichwani, na kila jioni ya mazoezi alizigawa kwa mdomo: kwanza soprano, kisha alto, kisha tenori, mwisho besi. Vita vilipozidi Masisi, watu walitawanyika. Wengine walishuka Sake na kuingia katika kambi zilizozunguka Goma, wengine walikwenda Minova, wengine walijificha kwa ndugu zao Walikale, wengine walivuka mpaka wa Uganda. Mzee wetu alifariki kambini mwaka 2024. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za Goma zilipovunjwa na watu kuanza kurudi vijijini, makundi matatu ya wanakorali yalikutana tena chini ya paa la kanisa, na kila kundi likauimba wimbo ule kwa namna yake. Soprano ilikuwa moja, kwa sababu soprano ndiyo inayokumbukwa na watu wote. Alto zilikuwa mbili. Besi zilikuwa tatu. Na tenori, ile iliyokuwa ikimjibu soprano katika ubeti wa pili, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kuirudisha.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba tumepoteza kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote ya mali iliyoporwa. Mabati yakiibwa, huhesabiwa. Kengele ikiibwa, hutajwa katika ripoti. Tenori ya wimbo wa matoleo haina mahali pa kuandikwa katika fomu ya hasara.

Vijana walipoomba kinanda, walikuwa na picha moja mawazoni: kinanda kikubwa chenye vibonyezo 61, chenye midundo ya ngoma ndani yake, kama wanavyokiona katika makanisa ya mjini. Hatuwadharau kwa ombi hilo. Kijana aliyelala kambini miaka miwili ana haki ya kutamani kitu kizuri kanisani mwake. Lakini sisi tuliofunzwa ualimu tulizoezwa kuandika lengo la somo kabla ya kutaja zana, kwa maana zana iliyochaguliwa kwanza hulivuta somo zima upande wake. Tukawauliza: kinanda kitafanya kazi gani? Majibu yalipokusanywa, kazi zilikuwa tatu: kusindikiza nyimbo katika Misa, kuwafundisha waimbaji sauti zao, na kuziandika nyimbo zisipotee tena.

Kazi ya kwanza tuliijadili kwa heshima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ibara ya 120, unakipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, kisha unaruhusu ala nyingine zifaazo kwa ibada. Ibara inayotangulia, ya 119, inataka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yathaminiwe na kupewa mahali pake. Sisi Wakongomani tumeona matunda ya mafundisho hayo: Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, imeifanya ngoma, makofi na mwendo wa kucheza kuwa sehemu ya sala yetu. Kwa hiyo Misa zetu hazikuwa na njaa ya kinanda. Ngoma zilirudi pamoja na watu, na mikono ya kupiga makofi haikupotea. Kazi ya pili na ya tatu, kufundisha na kuandika, ndizo zilizokuwa na njaa ya kweli, na hizo hazihitaji chombo kinachosikika hadi nje ya kanisa. Zinahitaji chombo kinachokaa juu ya meza.

Ndipo tulipojifunza habari za kinanda cha MIDI. Ni vema tukieleze, kwa kuwa wengi hudhani ni kinanda cha kawaida kilichopunguzwa ukubwa. MIDI ni lugha ya pamoja ya ala za kielektroniki, iliyotangazwa mwaka 1983 baada ya watengenezaji wa Marekani na Japani kukubaliana, miongoni mwao Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, ili ala za viwanda mbalimbali ziweze kusikilizana. Kinanda cha aina hiyo hakina sauti ndani yake. Ukikibonyeza bila kukiunganisha na kitu, husikii ila mlio wa plastiki. Kinachofanya ni kupeleka taarifa kwa kompyuta kupitia waya: noti namba fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, na sasa imeachiliwa. Do ya katikati ni namba 60. Nguvu ya kidole hupimwa kutoka 1 hadi 127. Kompyuta ndiyo inayotoa sauti, na ikiwa na programu ya kuandika muziki, ndiyo inayoiweka noti juu ya mistari mitano.

Maelezo hayo yalipotolewa mbele ya korali, kijana mmoja alisema kwamba chombo kisicho na sauti ni mchezo wa watoto. Tukamjibu kwamba hata kalamu haina sauti, na hakuna anayeiita mchezo.

Sasa tuje kwenye vipimo, kwa maana hapo ndipo fedha huokolewa au hupotezwa. Meza yetu ina upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 50. Juu yake kuna daftari la wakatekumeni, kitabu cha masomo ya Misa, na kompyuta ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Kibonyezo cheupe cha kinanda cha kawaida kina upana wa milimita 23 na nusu hivi. Kinanda chenye vibonyezo 61 kina vyeupe 36, yaani karibu sentimita 85 kabla hata ya kuhesabu fremu yake. Chenye vibonyezo 49 kina vyeupe 29, yaani sentimita 68, na pamoja na fremu hukaribia 80. Chenye vibonyezo 25 kina vyeupe 15, yaani sentimita 35; na vile vyenye vibonyezo vyembamba huwa vifupi zaidi. Akai LPK25 na Korg nanoKEY2, vyote vyenye vibonyezo 25, pamoja na M-Audio Keystation Mini 32 yenye vibonyezo 32, vina urefu kati ya sentimita 32 na 42 tu. Kitu cha kiasi hicho hukaa mbele ya kompyuta, na daftari la wakatekumeni halifukuzwi mezani.

Je, vibonyezo 25 vinatosha? Hilo lilikuwa swali la haki, na tulilijibu kwa kuhesabu sauti za waimbaji wenyewe. Vibonyezo 25 ni oktavu mbili, yaani ngazi ya do hadi do mara mbili. Besi wa kawaida katika korali zetu haimbi zaidi ya oktavu mbili kutoka noti yake ya chini hadi ya juu. Tenori hali kadhalika, na alto, na soprano. Hakuna sauti moja ya korali inayovuka vibonyezo 25. Zote nne kwa pamoja, kutoka fa ya chini ya besi hadi la ya juu ya soprano, zinahitaji oktavu tatu na zaidi kidogo, na hapo kinanda chenye vibonyezo 49 ndicho kinachozichukua zote bila kusogezwa. Lakini mwandishi wa noti haandiki sauti nne kwa mkupuo. Huandika moja, huisikiliza, huandika ya pili. Vinanda vidogo vina vitufe viwili pembeni vya kushusha na kupandisha oktavu: ukimaliza soprano unabonyeza kitufe mara moja au mbili, na vibonyezo vile vile vinakuwa vya besi. Kisha kompyuta inaziimba zote nne pamoja.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Vibonyezo vyembamba havifai kumfunza mpiga kinanda. Kidole kilichozoea nafasi ndogo hupotea kikiwekwa kwenye kinanda cha kawaida. Parokia yenye kijana anayefunzwa kusindikiza Misa, yenye meza ndefu na jengo lenye mlango unaofungwa, na ichague vibonyezo 49 vya ukubwa kamili, na isijutie. Na mtu akitaka kujifunza piano kwa bidii, hata hivyo 49 atavimaliza. Sisi tulichagua 25 kwa sababu mbili. Ya kwanza ni meza. Ya pili ni kwamba kinanda kidogo hakifiki uzito wa kilo moja na huingia katika mfuko wa shule pamoja na kompyuta. Ndugu zetu, hatuna haja ya kueleza kwa maneno mengi kwa nini watu wa Masisi na Walikale hupima chombo kwa swali hili: je, tukiamshwa usiku, kitabebeka?

Habari ya umeme iliimaliza hoja. Kinanda kikubwa cha kusindikiza huhitaji pia kipaza sauti, na kipaza sauti huhitaji jenereta, na jenereta huhitaji mafuta kila Dominika. Kinanda cha MIDI hunywa umeme kutoka kwa kompyuta kupitia waya ule ule wa USB unaopeleka taarifa. Kiwango cha kawaida cha tundu la USB ni wati 2 na nusu, na vinanda hivi havivuki hapo. Paneli ya jua inayochaji simu za makatekista na kompyuta moja inatosha.

Kuhusu programu, hakuna sababu ya kulipa. MuseScore hutolewa bure, huandika noti kwa mistari mitano, na hupokea kinanda cha MIDI bila shida. Toleo lake la 3 linaendeshwa hata na kompyuta za zamani. Tuliipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, tukaihifadhi kwenye flashi, na tangu hapo tunaipitisha mkono kwa mkono. Vinanda vingi huuzwa pamoja na ahadi ya programu nyingine za kufunguliwa kwa namba ya siri kwenye intaneti. Msiongeze hata dola moja kwa ajili ya ahadi hizo, kwa maana asiye na mtandao hataziona. Vivyo hivyo msilipie vitufe vya rangi vya kupigia midundo, wala kuunganishwa bila waya.

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni majaribio haya mbele ya muuzaji. Unganisheni kinanda na kompyuta yenu wenyewe, kwa waya wake. Kikitambuliwa bila kudai programu ya ziada, ni dalili njema. Bonyezeni vibonyezo vyote, kimoja kimoja, kwa upole kisha kwa nguvu, mkiangalia kama kila kimoja kinaandika noti na kama hakuna kinachokwama. Jaribuni vitufe vya oktavu. Tikiseni waya kidogo mahali unapoingia, kwa kuwa tundu lililolegea ndilo ugonjwa wa kwanza wa vyombo hivi. Ulizeni kama waya wa namna hiyo unapatikana sokoni. Ukiwa wa aina adimu, nunueni wa pili siku hiyo hiyo. Na kwa ndugu wa Walikale, mahali ambapo unyevu wa msitu huingia hata ndani ya kabati, kishoneeni mfuko wa kitambaa kizito na msikiache wazi usiku.

Kuhusu bei: kinanda kipya cha vibonyezo 25 huuzwa ng'ambo kwa dola 50 hadi 80 hivi, na cha vibonyezo 49 kwa takribani dola 100 au zaidi kidogo. Kikifika kwetu huwa kimelipiwa safari, mipaka na mikono mingi. Michango yetu haikuwa ya fedha tupu. Mashirika ya mlimani yalileta maharagwe, viazi na jibini, yakavishusha kwa pikipiki na kwa chukudu hadi sokoni. Ndugu mmoja wa Walikale alituma mawese. Kila kilo iliandikwa, na bei iliyouzwa ikaandikwa mbele yake.

Tulipokuwa tukiyajumlisha hayo, wazo moja halikutuacha. Vipande vya umeme vilivyo ndani ya kinanda hushikanishwa kwa bati lililoyeyushwa, na karibu nusu ya bati lote la dunia hutumika kwa kazi hiyo ya kuunganisha. Bati hutoka katika kasiteriti, na Bisie, katika ardhi ya Walikale, ni miongoni mwa machimbo yenye kasiteriti tajiri kuliko yote duniani. Kwa miaka mingi, kabla ya mgodi wa kisasa kuanza kuzalisha mwaka 2019, wapagazi waliibeba mgongoni katika magunia ya kilo 50, wakipita msituni hadi Njingala, na ndege zikatua juu ya barabara pale Kilambo kuichukua. Ndani ya simu na kompyuta mna pia tantalamu, itokayo katika koltani, na vilima vya Rubaya katika Masisi vinakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Hatuwezi kusema kwamba bati lililo katika kinanda chetu limetoka Bisie. Tunaweza kusema kwamba vijana wanaochimba Rubaya hawakuwa na kinanda, na kwamba tuliuza jibini ili tununue kwa dola kitu ambacho ardhi yetu imechangia. Tuliona ni haki wanakorali walifahamu hilo, nao wamejifunza kukishika chombo hiki kama kitu kilichogharimu jasho la watu, hata la wale ambao hawatalisikia jina lake.

Fedha ya namna hiyo haichezewi. Muuzaji mmoja alitaka kutuandikia hati ya bei kubwa kuliko tuliyolipa, akidhani anatufanyia hisani. Tulikataa, na tukamtaja mbele yake Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma na mwanajumuiya wa Sant'Egidio, aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa na kutoruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye alikabiliwa na kifo, sisi na dola chache tu. Lakini kijana aliyekwenda nasi kununua ameona kwamba hati ya korali huandikwa kwa bei ya kweli, na tunatumaini somo hilo litadumu kuliko kinanda chenyewe.

Baada ya kununua, lilikuja jaribu tusilolitazamia. Mama mmoja mzee, aliyekuwa soprano wa korali ya kwanza, aliitwa mezani atuimbie wimbo wa matoleo. Kijana aliyeshika kinanda akatafuta noti moja ya mama huyo asiipate: ilikuwa kati ya mi na mi iliyoshushwa. Akamwambia, "Bibi, hapo unakosea." Tulimsimamisha kijana hapo hapo. Kinanda kina hatua 12 katika kila oktavu, wala hakina kitu katikati yake. Koo la binadamu lina kila kitu kilicho katikati. Tena Kihunde na Kinyanga ni lugha za toni, ambamo neno laweza kugeuka maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti, na watunzi wetu wa zamani waliufuata mpando huo bila kuuitia jina. Tangu siku hiyo tumeweka utaratibu. Kwanza mzee anaimba na simu inamrekodi, mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa. Kisha noti zinaandikwa. Kisha zinachezwa mbele yake, naye ndiye anayesema kama ndivyo au sivyo. Noti ambayo kinanda hakiiwezi, tunaiwekea alama juu yake na kuandika: sikilizeni sauti iliyorekodiwa.

Kuna mifano inayotutia moyo katika kazi hii. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, msimulizi Candi Rureke aliuimba, akausimulia na kuucheza utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, na Daniel Biebuyck akauandika. Mwaka 1969 ulichapishwa kuwa kitabu, Biebuyck akiwa pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga wenyewe. Vijiji vingi vya Walikale vimechomwa tangu wakati ule, lakini maneno ya Mwindo hayakuungua. Huko Kamina, katika Katanga, mwaka 1958, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na wavulana na walimu wa shule, walitoa Missa Luba. Waimbaji wale hawakuwa na noti mbele yao; waliijenga Misa kutoka katika nyimbo walizozijua. Noti zilichapishwa baadaye, na ndizo zilizowezesha korali za mbali kuiimba. Wimbo ulitangulia, karatasi ikafuata. Utaratibu huo ndio tunaoufuata mezani petu.

Hadi tunapoandika haya, nyimbo 11 zimekwisha kuandikwa: saba za Kihunde, mbili za Kinyanga, moja ya Kinyarwanda na moja ya Kiswahili. Faili ya MIDI ya wimbo mzima wa sauti nne ni kilobaiti makumi machache tu, ilhali wimbo huo huo ukirekodiwa kwa sauti huhitaji megabaiti kadhaa. Kwa hiyo hata mahali ambapo mtandao unapumua kwa shida, wimbo unapita. Alto iliyoandikwa Jumanne imewafikia waimbaji walio kambini Uganda kabla ya Dominika, na mmoja wao, mwanaume ambaye hatukujua kama yu hai, alijibu kwa kurekodi mstari mmoja kwa simu. Ilikuwa tenori ya ubeti wa pili.

Hatukuipokea kwa shangwe peke yake. Baadhi ya waimbaji walilia, kwa sababu sauti ile iliwakumbusha waliokuwa wakisimama pamoja nayo katika mstari wa nyuma, na si wote watakaorudi. Zaburi ya 137 inatuambia habari za watu waliotundika vinubi vyao penye miti kando ya mito ya Babeli, wakishindwa kuimba wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Hatuwalaumu watu wale. Nasi tumekuwa na miezi ya namna hiyo. Lakini tunaona kwamba vinubi vilitundikwa, havikutupwa, na kwamba Zaburi yenyewe iliandikwa, ikatufikia.

Wimbo wa matoleo sasa una sauti zake nne. Besi tatu zimekaa pamoja, zikakubaliana juu ya moja, na nyingine mbili zimehifadhiwa chini ya ukurasa kwa jina la vijiji zilikoimbwa wakati wa kukimbia. Vijana bado wanataka kinanda kikubwa, na siku amani itakapokuwa na mizizi tutachanga tena bila kunung'unika. Hiki kidogo kitaendelea kukaa mezani, kando ya daftari la wakatekumeni.

Tunayaachia mashirika maswali haya kwa mazungumzo ya juma:

1. Ni nyimbo zipi za kanisani kwetu zinazojulikana na mtu mmoja au wawili tu, na ni nani atakayekwenda kuwasikiliza kabla ya mwisho wa mwezi?

2. Tunaponunua chombo cha Kanisa, je, tunataja kwanza kazi yake, au tunataja kwanza kile tulichokiona kwa jirani?

3. Daftari la michango ya shirika letu, je, laweza kusomwa mbele ya watu wote bila ukurasa kurukwa?

Mwenyeheri Isidore Bakanja na Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, walei wa nchi yetu, watuombee, na amani ya Kristo iwe pamoja nanyi nyote, mlioko nyumbani na mlioko ugenini.